Yuro 250 kwenye theluji: Tulivyomtafutia mpwa wangu mwalimu wa skii

Ilikuwa saa sita usiku, stima zimerudi mtaani dakika chache tu, na simu yangu ikaanza kunguruma mezani. Ujumbe wa sauti kutoka kwa dadangu, Munich. Dakika nne. Dadangu ni muuguzi wa zamu, hana muda wa stori za kuzunguka, kwa hivyo nilijua kuna kitu.

"Huyu kijana amerudi kutoka chekechea akilia," alisema. "Wenzake wote wanaenda kozi ya skii, yeye peke yake ndiye hajui. Sasa si wewe ndiye mtu wa intaneti kwa hii familia? Uliacha chuo ukatuambia utaishi kwa mtandao. Haya, ishi. Nitafutie mahali pa kumpeleka."

Mpwa wangu wakati huo alikuwa na miaka 3 na nusu. Mimi theluji ya karibu niliyowahi kuona ni ile inayogandia kwa friza ya duka la nyama, ukiondoa barafu ya Mlima Kenya niliyoipiga macho nikiwa ndani ya mathree ya Nanyuki kabla mawingu hayajafunga. Lakini dada akisema, unafanya. Yeye ndiye hulipa kodi ya Mathe kila mwezi, na mara mbili tatu ameokoa yangu pia.

Kama unaona hii ni stori ya watu wa majuu pekee, ngoja kidogo. Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira mjini Berlin. Kwenye mbogi yangu tu kuna watatu wanaosoma Kijerumani, wanakariri maneno wakiwa kwa foleni ya choma smokie. Baadhi yao wataenda. Watapata watoto. Na watoto hao wakiishi kusini mwa Ujerumani, watakuwa na marafiki wanaopelekwa milimani kila Januari jinsi sisi tulivyokuwa tunakimbilia baiskeli za kukodisha za shilingi tano.

Mara ya kwanza tuliharibu, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu. Nilichagua kituo cha skii jinsi watu huchagua simu, nikidhani kikubwa ndicho bora. Nikatafuta mahali penye kilomita nyingi za miteremko, milima ya picha za kalenda, na maoni mengi ya wageni waliofurahi. Nikaangukia kituo kimoja kikubwa upande wa Austria. Jina lake nitalimeza. Dadangu akalipa kozi ya siku 5, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, yuro 250. Hiyo ni zaidi ya shilingi 35,000, kodi ya bedsita yangu ya miezi minne, na bado hujakodisha vifaa wala hujalipa mahali pa kulala. Tena tulichukua ile wiki ya likizo ya Februari ambayo shule za jimbo la Bavaria hufungwa, kwa sababu ndiyo wiki wenzake kazini walikuwa wanaisifu.

Sasa skiza. Uwanja wa watoto haukuwa chini kijijini. Ulikuwa katikati ya mlima, kwenye kituo cha kati cha gari la kebo. Dadangu hatelezi, hajawahi, lakini ilibidi anunue tiketi ya kebo kila siku ili tu ampeleke mtoto darasani na kumrudia. Kundi lilikuwa la watoto 10 kwa mwalimu mmoja, kijana wa rika langu ambaye kusema kweli alijaribu. Siku ya pili mpwa wangu akasema anataka kwenda haja ndogo. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mwalimu hangeweza kuwaacha wengine 9. Akaambiwa angoje. Kama umewahi kuona nguo za theluji za mtoto, zile za kipande kimoja zenye zipu na kamba za mabegani, unajua kilichofuata. Alikaa na ule unyevu hadi wakati wa chakula cha mchana, kwenye baridi ya chini ya sufuri.

Siku ya tatu alishika mguu wa kitanda akakataa kutoka. Dadangu alipouliza kuhusu kurudishiwa pesa, akaonyeshwa kanuni: pesa hurudishwa tu ukileta barua ya daktari. Hofu haina barua ya daktari. Alinipigia akiwa amekaa kwenye bafu ili mtoto asimsikie, akinihesabia zamu za usiku alizofanya kupata hizo yuro.

Mathe alipopata habari alisema moja tu. "Na mtoto wa watu alikuwa anatafuta nini kwa barafu?"

Hilo swali lilimuuma dada kuliko hasara. Kwa sababu jibu analo, ila si rahisi kulieleza kwa simu ya Umoja. Kwenye chekechea ile mpwa wangu ndiye mtoto mweusi pekee. Ikifika Jumatatu wenzake wanachora milima na kuhesabu nani ameanguka mara ngapi. Dada hakutaka awe pia ndiye pekee asiye na cha kuchora. Hakuwa anatafuta bingwa. Alikuwa anatafuta Jumatatu ya kawaida.

Mimi nilimwambia kwamba Wakenya kwenye theluji si jambo la kuanza jana. Philip Boit, mtu wa mbio za mita 800, alipelekwa Finland kufundishwa skii za masafa, akaingia Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka akamngoja kwenye utepe na kumkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina Dæhlie. Halafu kuna Sabrina Simader, na huyu ndiye aliyemgusa dada zaidi. Alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria na mamake akiwa na miaka 3, na baba wa kambo ndiye aliyemwingiza kwenye skii. Mwaka 2018 kule PyeongChang akawa Mkenya wa kwanza wa kike kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Miaka 3, dada. Umri wa kijana wako.

"Sawa," akasema. "Lakini safari hii tunauliza maswali kwanza."

Tulianza Oktoba, mtoto akiwa ameshafika miaka 4. Na hapa ndipo nilijifunza kwamba karibu kila kitu nilichotazama mwanzo kilikuwa cha watu wazima. Chukua hizo kilomita za miteremko. Ulaya njia hupakwa rangi kwa ugumu: buluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenye roho ngumu, na Wafaransa wana ya kijani kwa wanaoanza kabisa. Kituo kinaweza kuwa na kilomita 150 za hizo zote. Mtoto wa miaka 4 anayeanza atakaa wiki nzima kwenye kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa mpira. Kilomita nyingine 149 unalipia hewa.

Kwa hivyo tazama hicho kipande chenyewe. Kiwe karibu tambarare, na mwisho wake kipande kidogo ili mtoto asimame mwenyewe hata akisahau alichofundishwa. Kiwe kimezungushiwa uzio, watu wazima wenye kasi wasikikatize. Kiwe na ule mkanda wa kusafirisha watu ulio sawa na ardhi, Wajerumani huuita zulia la uchawi. Mtoto anasimama juu yake na skii zake unampandisha polepole. Mahali pasipo na huo mkanda, mtoto atapanda kwa miguu au atavutwa na kamba, na atachoka kabla hajateleza mara tatu. Na kama wewe mzazi hutelezi, hakikisha kipande hicho kiko chini bondeni, unafika kwa miguu, hununui tiketi yoyote, na pana mahali pa kununua chai ukimtazama kupitia dirisha. Hilo la mwisho si anasa. Dada alitoka zamu ya usiku siku moja kabla.

Jambo la pili ni mwalimu ana watoto wangapi. Shule nyingi huandika "vikundi vidogo" na kuishia hapo. Vidogo ni vingapi? Uliza nambari. Sisi tulijiwekea mpaka wa watoto 6 kwa umri huo, ikizidi tunasonga mbele. Uliza pia kama kuna msaidizi, yaani mtu wa pili asiyefundisha, kazi yake kuwaokota walioanguka, kuwapangusa kamasi na, Mungu wangu, kuwapeleka choo. Dada sasa hilo ndilo swali lake la kwanza kwa simu, kabla hata ya salamu kuisha: "Nani hupeleka watoto choo?" Kuna shule moja walicheka. Tukaifuta kwenye orodha.

Saa ngapi kwa siku? Tangazo litakuambia siku nzima ni nafuu zaidi ukigawanya kwa saa, na hesabu ni sahihi, lakini miguu ya mtoto haijui kugawanya. Buti za skii ni ngumu na nzito. Baridi inakula nguvu. Saa mbili asubuhi zinatosha kabisa kwa miaka 4. Kwa miaka 3 naona hata hizo ni nyingi, na walimu wawili watatu tuliowaandikia walikubali wazi kwamba umri huo huwa ni mchezo wa theluji zaidi ya skii. Hakuna ubaya, mradi ujue unalipia nini. Masomo ya mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja tuliyapigia hesabu pia. Bei yake kwa saa inauma, ila saa moja ya hivyo inaweza kumfaa mtoto mwenye aibu kuliko asubuhi nzima kwenye kundi, na familia mbili zikishirikiana inapungua. Sisi tulibaki na kundi kwa sababu kijana alitaka wenzake, ndiyo ilikuwa maana ya safari yote.

Halafu wakati. Hii ilikuwa bahati tuliyokuwa tumekalia bila kujua. Mtoto ambaye hajaanza shule hafungwi na likizo za shule! Na muuguzi wa zamu ana siku za kupumzika katikati ya wiki. Januari baada ya sikukuu, Jumanne na Jumatano, walimu wana nafasi, vikundi vinapungua, na bei za kulala zinashuka. Sisi wiki ya Februari tulikuwa tumelipa zaidi ili kusongamana zaidi.

Mahali je? Kutoka Munich treni za kawaida zinakufikisha Lenggries kwa muda wa saa moja na kidogo, Garmisch-Partenkirchen kwa kama saa moja na nusu. Garmisch ni mji wenye jina, ulikuwa mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1936, na juu yake kuna Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962. Mimi nilianza kuwaka tena na picha za Zugspitze, dada akanizima. Juu kule theluji ni ya uhakika, ndiyo, lakini upepo na safari ya kupanda si vya mtoto anayejifunza kusimama. Tukachagua kilima kidogo kusini mwa jiji, cha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mtoto chini ya miaka 6 halipi treni za kawaida, na dada ana tiketi yake ya mwezi ya kwenda kazini ambayo inafika huko pia. Kulala hoteli, sufuri. Mtoto akikataa saa tano asubuhi, mnarudi nyumbani mkiwa mmepoteza siku moja tu.

Ubaya wa vilima vya chini ni kwamba theluji inaweza kukosa kabisa. Siku hizi baridi zimekuwa za kubahatisha kule, wiki nyingine ni matope na nyasi. Kwa hivyo uliza kama wana mashine za kutengeneza theluji kwenye uwanja wa watoto, na uliza kinachotokea kwa pesa yako ikikosekana. Vituo vingi vina kamera za moja kwa moja kwenye tovuti zao. Kwa wiki mbili nilikuwa naamka Umoja, kabla ya chai, nachungulia kilima cha Bavaria kwenye simu. Jirani yangu alidhani nimeanza kubeti.

Vifaa havikutuchosha sana. Usinunue, kodisha, maana mtoto atakuwa amekua mwaka ujao. Skii za anayeanza ziwe fupi, ukizisimamisha zifike kati ya kifua na kidevu. Fimbo za mkononi hahitaji mwanzo. Lile la Kiafrika la kununua kiatu kikubwa ili akue nacho, hapa liache, kwa sababu buti ikicheza mguu hauongozi skii. Soksi jozi moja ndefu ya sufi, si mbili, mbili zinabana damu na baridi inaingia. Glavu za kidole gumba peke yake zina joto kuliko za vidole vitano. Vile vishikizo vinavyofunga buti kwenye skii lazima duka livipime kwa uzito, urefu na umri wa mtoto, kwa sababu ndivyo hufunguka akianguka ili mguu usipinduke. Hapo usiseme uongo wa uzito.

Na mafuta ya jua. Dada alinibishia, "Na hii ngozi?" Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, inakupiga kutoka juu na chini. Siku ya kwanza ya ile safari mbaya mtoto alirudi midomo imepasuka. Miwani ya theluji ni kwa sababu hiyo pia.

Helmeti hakuna mjadala. Sehemu kubwa ya Austria watoto hadi miaka 15 wanalazimishwa na sheria, Italia nayo ina sheria yake, Ujerumani haina lakini shule yoyote ya maana haimpokei mtoto bila helmeti. Ukivuka mpaka angalia bima yako pia. Helikopta ya uokoaji milimani mara nyingi hailipwi na bima ya kawaida ya afya, na bili yake si ya kuchangiwa kwa kikundi cha WhatsApp cha familia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Watoto 5, mwalimu mama mtu mzima, na msichana msaidizi aliyejitambulisha kwa dada kwa kusema, bila kuulizwa, choo kiko wapi. Mpwa wangu hakutaka kushuka kwenye mapaja. Yule mwalimu hakumvuta. Alimpa skii moja tu, mguu mmoja, akamwambia asukume na mwingine kama anaendesha kile kiskuta chake cha kusukuma. Dakika 20 alikuwa anazunguka koni. Skii ya pili aliiomba mwenyewe. Dada alinitumia video 14 asubuhi hiyo, bando langu likaisha saa saba.

Kwenye moja anashuka, polepole sana, mikono mbele kama anabeba sinia, ncha za skii zimekutana na visigino vimeachana. Ndivyo watoto hufundishwa kusimama, hiyo pembe huitwa piza. Skii zikikaa sambamba ni vibanzi. Unasikia mwalimu akiimba "Piza! Piza!" na kijana akipita mbele ya kamera akipiga kelele kwa Kiswahili chake cha Munich, "Anko, ona piza!"

Alirudi Jumatano. Alikwenda tena Jumanne ya pili na Jumatano yake, na siku moja akakataa baada ya saa nzima, wakaenda zao wakanywa chokoleti ya moto. Hakuna aliyegombana. Bado hajapanda lifti ya viti. Sehemu nyingi kule mtoto chini ya mita 1.25 haruhusiwi kuipanda bila mkubwa kando yake, na mkubwa aliyepo hajui kuteleza.

Na hapo ndipo mambo yamefika. Wiki jana nimepata ujumbe mwingine wa usiku, mfupi. Picha ya buti za skii, namba 39, na swali kama naweza kutafuta kozi ya watu wazima, kundi dogo, Jumanne. Mathe bado hajaambiwa.